Sheria ya Kufuli na Watu Wasioulizwa

Simu inayotumwa Luvungi, katika bonde la Ruzizi mashariki mwa Kongo, na ndugu aliyeko Marekani mara nyingi hufika ikiwa imefungiwa mtandao wa huko. Ni nzima, kioo hakina hata mkwaruzo, lakini ukiweka kadi ya Vodacom, Airtel au Orange inadai namba ya kufungulia ambayo hakuna mtu wa nyumbani anayeijua. Mwenye simu huipeleka kwa fundi kando ya barabara. Fundi huichomeka kwenye kompyuta yake, anangoja, anaizima na kuiwasha tena, na alama za mtandao zinapanda. Analipwa, simu inaondoka. Je, kisheria amefanya nini? Ametengeneza simu, au ametenda kosa?

Huko simu ilikotoka, kitendo hichohicho kimewahi kuwa halali, kikawa haramu, kisha kikarudi kuwa halali. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kufuli za kidijitali zinazolinda kazi zenye hakimiliki, programu za simu zikiwemo. Ndani yake uliwekwa mlango mmoja: kila baada ya miaka mitatu wananchi wanaruhusiwa kuandika na kueleza wapi katazo hilo linawaumiza bila sababu, na mkuu wa Maktaba ya Bunge anatoa misamaha. Mwaka 2006 kufungua simu kulisamehewa. Mwaka 2012 msamaha huo ulikataliwa kwa simu mpya, na kuanzia mwisho wa Januari 2013 aliyefungua simu yake mwenyewe bila idhini ya mtandao alikuwa mvunja sheria. Watu zaidi ya 114,000 wakatia saini ombi kwa Ikulu, na Agosti 2014 Rais Obama akasaini sheria iliyorudisha ruhusa hiyo.

Sisi tuna sheria ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986, ya enzi za kaseti, na Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Zote mbili zilitoka kama amri za rais zenye nguvu ya sheria. Mtu wa bonde la Ruzizi hakuulizwa katika ya kwanza wala katika ya pili, na hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Siku moja sheria ya 1986 itabadilishwa, kwa sababu haiwezi kuendelea kusimama peke yake mbele ya simu na intaneti. Siku hiyo kufuli zitaingia ndani ya sheria mpya. Nataka watu wetu wawe wamekwisha kusema.

Hivyo nimewaketisha wasemaji watano. Hawana majina kwa kuwa nimewatunga, lakini hoja zao ni zile zinazosemwa kila siku kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kati ya Kamanyola na Sange.

Fundi: Mimi sivunji kitu cha mtu. Mwenye simu amekuja nayo mkononi, ameilipia au amepewa na dada yake. Nikimdeblokea, nani ameibiwa? Kampuni ya Marekani haiuzi muda wa maongezi hapa Luvungi. Haipotezi hata franka moja.

Mtunzi: Ndugu yangu, kwenye meza yako hakuna simu peke yake. Kompyuta hiyohiyo ina nyimbo zangu. Kijana anakuletea kadi memori, unamjazia kwaya nzima, anakulipa wewe. Tulipokwenda kurekodi Uvira tulichanga nauli, tukachanga pesa za studio, akina mama wakauza mihogo yao kabla ya wakati. Wimbo ulifika Baraka kabla sisi hatujamaliza deni. Leo mnakaa hapa kutafuta ruhusa ya kuvunja kufuli. Na mimi nilindwe na nani?

Fundi: Papa, nyimbo zako zilikuwa na kufuli gani? Zilinifikia wazi, kutoka simu hadi simu. Hakuna nilichovunja.

Mtunzi: Basi hukuvunja, lakini uliuza.

Hapo Mtunzi amesema kweli, na sitaki ipite haraka. Kujaza kadi memori nyimbo za mtu na kulipwa ni kujipatia chakula kwa kazi yake bila kumpa chochote. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 46, inasema haki za watunzi zinalindwa na sheria. Shirika la kuwakusanyia watunzi haki zao lilianzishwa mwaka 1969 likiitwa SONECA. Tangu 2011 kazi hiyo ni ya SOCODA. Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa urithi wa wanadamu wote. Mtunzi wa kwaya ya Luvungi anazijua habari hizo zote na bado hajaona malipo. Lakini madai yake kwa Fundi yanahusu kunakili, nasi tunazungumza juu ya kufuli. Mtu anaweza kunakili wimbo usio na kufuli akawa ametenda kosa. Na mtu anaweza kuvunja kufuli bila kunakili neno hata moja la mtu. Sheria za namna ya Marekani zinamhukumu huyu wa pili pia.

Wakili: Chanzo cha jambo hilo ni mkataba uliofanywa Geneva mwaka 1996 chini ya shirika la dunia la haki miliki. Kifungu cha 11 kinazitaka nchi wanachama zilinde kisheria kufuli ambazo watunzi wanazitumia. Kufuli yenyewe ikawa kitu cha kulindwa, mbali na wimbo au kitabu kilichomo. Wenzetu wa Kenya waliliweka katika sheria yao ya 2001: kukwepa kizuizi cha kiteknolojia ni kosa. Mkataba hauzikatazi nchi kuweka misamaha, ila haukuziandikia orodha. Kila nchi ijipangie. Mimi ninachoogopa ni kwamba rasimu zikishaandaliwa huko mbali, katazo huandikwa katika toleo la kwanza, na misamaha huachiwa wakati usiojulikana.

Mama: Wakili, mimi ninalima mpunga, sina kompyuta. Hayo yananihusu nini?

Wakili: Mama, una taa ya jua nyumbani?

Mama: Ninayo, haiwaki. Niliichukua kwa kulipa kidogokidogo kupitia simu. Ukilipa unatumiwa namba, unaibonyeza kwenye boksi, taa inawaka siku zako. Nililipa hadi mwisho. Ile namba ya mwisho, ya kuifungua kabisa, haikuja. Wakala alihama vita vilipokaribia, namba yake haipatikani. Paneli iko juu ya bati inapigwa na jua kila siku, betri ni nzima, na watoto wanasoma kwa tochi.

Fundi: Nililifungua boksi hilo. Hakuna waya uliokatika. Ni programu tu imekataa.

Wakili: Na programu hiyo, machoni pa sheria, inalindwa kama maandishi. Ndivyo mkataba wa 1996 unavyosema: programu ya kompyuta italindwa kama kazi ya fasihi.

Mama: Taa yangu imekuwa kitabu?

Wakili: Kipande kidogo kilicho ndani yake, ndiyo. Na sheria ya kufuli ikija bila msamaha, Fundi akiiwasha taa uliyoimaliza kuilipia, kampuni inaweza kumshtaki yeye.

Nimeliweka swali la Mama katikati ya mjadala kwa makusudi. Watu wakisikia hakimiliki hufikiria nyimbo na filamu. Hawafikirii boksi la betri, mashine ya hospitali, trekta. Huko Marekani wakulima walilazimika kwenda kuomba msamaha wa kutengeneza programu za matrekta yao, wakaupata mwaka 2015. Mwaka 2021 msamaha ulifika kwenye vifaa vya tiba, kwa ajili ya kuvitengeneza na kuvitunza. Mwaka 2024 ulifika kwenye mitambo ya kibiashara ya kuandalia chakula, ikiwemo ile ya aiskrimu. Miaka ishirini na sita ya kuongeza kitu kimoja baada ya kingine, kwa sababu mwanzoni katazo lilipigwa juu ya kila kitu. Nchi inayoandika sheria yake leo haina haja ya kupita njia hiyo ndefu. Inaweza kuanza na ruhusa ya kutengeneza ulicho nacho, kiwe chochote, mradi huchukui kazi ya mtu kwenda kuiuza.

Mwanafunzi: Naomba niseme. Mimi sioni. Nasoma Bukavu, na ninarudi hapa likizo. Vitabu ninavisoma kwa simu: inatamka, nami ninasikiliza. Mwenzangu alininunulia kitabu cha somo letu, cha Kifaransa, kwa pesa za kweli. Simu ilikifungua, nikasikia jina la kitabu, kisha kimya. Kilikuwa kimefungwa, sauti ilikatazwa kuyagusa maandishi. Wenzangu walikuwa wamekinakili kutoka mahali pasipo halali na walikisoma bila shida yoyote. Mimi niliyelipa ndiye niliyebaki nje.

Mtunzi: Binti yangu, hapo hata mimi siwezi kukukatalia.

Mwanafunzi: Hujanikatalia wewe, papa. Kufuli imenikatalia, na haijui mimi ni nani.

Wakili: Wenzako wa Marekani walipata msamaha wa jambo hilohilo mwaka 2003. Lakini msamaha wao ulikuwa unakufa kila baada ya miaka mitatu, na ilibidi waombe upya kwa ushahidi mpya. Mwaka 2010 ofisi ya hakimiliki ilipendekeza usirudishwe, ikisema ushahidi haukutosha. Mkuu wa Maktaba akaurudisha hata hivyo.

Mwanafunzi: Ushahidi wa nini? Kwamba bado hawaoni?

Swali hilo linatosha kuonyesha ubovu wa utaratibu ule. Sitaki tuuchukue kama ulivyo eti kwa sababu unasikiliza watu. Kumwita mtu asiyeona kila baada ya miaka mitatu aje kuthibitisha tena hitaji lake ni kumchosha. Wamarekani wenyewe waliliona, na tangu 2018 misamaha isiyopingwa hurudishwa kwa njia fupi. Kwa wasioona, dunia ina jibu bora zaidi: Mkataba wa Marrakesh wa tarehe 27 Juni 2013, ambao kifungu chake cha 7 kinasema kufuli zisiwazuie kunufaika na haki walizopewa. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Msamaha wa namna hiyo uandikwe mara moja ndani ya sheria yenyewe na usiwe na tarehe ya kufa. Mikutano ya kila miaka kadhaa iachiwe mambo mapya, yale ambayo hakuna aliyeyawaza sheria ilipoandikwa.

Fundi: Wakili, tuseme ruhusa imekuja. Mama ameruhusiwa kufungua taa yake. Mimi je?

Wakili: Umegusa kidonda. Marekani, Maktaba ya Bunge inaweza kusamehe kitendo cha kuvunja kufuli. Haina mamlaka ya kusamehe kutengeneza, kuuza wala kusambaza chombo cha kuvunjia. Hilo limebaki kosa. Na ule msamaha wa matrekta wa 2015 ulimruhusu mwenye trekta peke yake. Fundi wa kumsaidia hakuwemo. Waliliondoa sharti hilo mwaka 2018.

Fundi: Yaani mtu ameruhusiwa kuvua, amekatazwa wavu.

Wakili: Ndivyo.

Fundi: Basi ruhusa hiyo ni ya watu waliosoma kompyuta. Mama huyu atabonyeza nini? Mwanafunzi atafungua kitabu kwa chombo gani, akiwa haruhusiwi kukipata? Huku kwetu mtu hatengenezi simu yake mwenyewe. Anampa fundi. Mkiandika ruhusa bila fundi, hamjaandika kitu.

Hoja hii ningeipeleka Kinshasa kabla ya nyingine zote. Wanaoandika sheria hizi huko ng'ambo humwona mtu aliyekaa mezani na kompyuta yake, ana intaneti ya usiku na mchana, anajifungulia mwenyewe. Katika bonde la Ruzizi ujuzi huo uko kwa vijana wachache wenye meza ya mbao, bisibisi ndogo, nyaya za kila aina na programu walizopata kutoka Bujumbura au Bukavu. Familia kumi au mia zinamtegemea mmoja. Sheria ikimwacha nje huyo, imewaacha nje wote walio nyuma yake. Ruhusa ya kwetu lazima imtaje kwa kazi yake: mwenye kitu, au mtu anayemsaidia kwa malipo au bila malipo, pamoja na chombo anachohitaji kwa kazi hiyo.

Mtunzi: Na chombo hichohicho kesho kitafungua filamu za watu azijaze kwenye flashi auze.

Fundi: Kisu pia...

Mtunzi: Usinipe habari za kisu. Nataka sheria inayosema ukikitumia kuuza kazi ya mtu, utalipa. Kwa maandishi.

Wakili: Inawezekana. Ruhusa inafungwa na shabaha: kutengeneza, kusoma kwa asiyeona, kufundisha, kuhifadhi. Nje ya shabaha hizo katazo linabaki.

Mtunzi: Na kuuza nyimbo kwenye kadi?

Wakili: Hiyo ilikuwa kosa tangu 1986 na itaendelea kuwa kosa.

Fundi: Nikitaka kulipa, nimlipe nani? SOCODA haina meza Luvungi. Papa Mtunzi yuko hapa, nitampa yeye mkononi. Wale wengine, wa Kinshasa, wa Dar es Salaam, wa Bujumbura, nitawapata wapi?

Mtunzi: Anza na mimi.

Hawakukubaliana kiasi, nami sitawapatanisha kwa nguvu. Fundi ana haki kusema kwamba hakuna njia ya kulipa. Mtunzi ana haki kusema kwamba ukosefu wa njia umekuwa kisingizio kwa miaka mingi. Ninaloliona mimi ni kwamba kufuli hazijamsaidia Mtunzi hata mara moja: kampuni kubwa ndizo zinazozitumia, na nyimbo zake zimetembea wazi tangu siku ya kwanza. Akizipinga ruhusa za Mama na Mwanafunzi, analinda mali ambayo si yake.

Liko jambo linalosemwa kila mjadala kama huu unapoanzishwa katika nchi yetu, na Mtunzi ndiye aliyelisema.

Mtunzi: Watu wanakimbia risasi, nasi tunahesabu kufuli za simu. Hatuoni haya?

Mama: Mimi nilikimbia. Februari 2025 tulipovuka Ruzizi kwenda Burundi, makumi ya maelfu ya watu, wengine walipitia majini. Tulipofika Rugombo kila mtu alitafuta kadi ya Burundi ili ajue mtoto yuko wapi, mume yuko wapi. Simu ya jirani yangu ilikuwa imefungiwa mtandao mmoja. Alikuwa na simu mkononi na hakuweza kumpigia mtu. Aliazima. Unajua kuazima simu penye watu wengi vile ni kungoja namna gani? Usiseme haya mambo ni ya wakati wa amani.

Mtunzi alinyamaza, na mimi sina la kuongeza kwenye maneno hayo.

Njia ya kusema ipo. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu cha 142 kinaitaka serikali kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku sitini tangu kutiwa saini. Kenya, katika Katiba yake ya 2010, iliandika kwamba Bunge lazima lirahisishe ushiriki wa wananchi katika kutunga sheria. Sisi hatuna maneno mazito kiasi hicho, lakini tulivyo navyo havijatumiwa hata nusu.

Fundi: Ile RAM tuliiondoaje? Walitukata muda wa maongezi tangu 2020 kwa ajili ya kusajili simu, watu wakapiga kelele nchi nzima, mwaka 2022 ikaondolewa.

Wakili: Kelele zilikuja baada ya pesa kukatwa. Safari hii tuandike kabla.

Fundi: Nani ataandika? Mimi nikisimulia kwamba nimedebloke simu, nimefungua maboksi ya taa, nimeweka chini jina na saini, si nimejiandikia mashtaka yangu mwenyewe?

Woga huo si mdogo, na ndio unaowafanya wenye ujuzi wanyamaze hata pale wanapoulizwa. Wanaojua hasa kufuli zinaumiza wapi ni haohao wanaozifungua. Wasiposema, watasema kwa niaba yao wasiowahi kushika bisibisi.

Wakili: Soma kifungu cha 27 hadi mwisho, kaka. Hakuna mtu anayeweza kushtakiwa, kwa namna yoyote ile, kwa kuwa amepeleka ombi kama hilo.

Fundi: Imeandikwa hivyo?

Wakili: Hivyohivyo.

Fundi: Kwa Kifaransa tu, au na Kiswahili?

Wakili: Ombi lenyewe tutaliandika kwa lugha zote mbili, na kifungu hicho tukiweke juu kabisa, kabla ya jina la kwanza.

Mtunzi: Baada ya kifungu hicho liwekwe la kadi memori. Bila hilo sisaini.

Fundi: Liwekwe. Halafu la taa ya Mama, na la kitabu cha binti. La fundi mliandike kwa herufi zilezile, msilifiche chini.